Pasipoti na Korongo wa Nyansiongo

Watu wa soko la Keumbu humwita mjomba wangu Pasipoti. Jina lake ni Mathew Onsongo, lakini ukifika pale steji ukamuulizia Mathew Onsongo, utapelekwa kwanza kwa mzee wa kanisa, kisha kwa fundi wa magurudumu, ndipo ufike kwake. Ukimuulizia Pasipoti, muuza ndizi atanyosha kidole bila kuinua macho: ule mlango wa samawati, kati ya duka la mbegu na kinyozi.

Ndani kuna kigoda kimoja, kitambaa cheupe kilichotandazwa ukutani, taa mbili, na sauti ya mjomba. "Kidevu chini kidogo. Usicheke, hii si harusi. Masikio yaonekane." Amewaambia hivyo watu wa pande hizi tangu kabla sijazaliwa: wanaochukua vitambulisho, wanaojiandikisha kwa mitihani, wasichana wanaokwenda kufanya kazi Uarabuni. Katika picha wote huwakata kifuani na kuwaweka katikati, na nyuma yao hakuna kitu. Hakuna mti, hakuna ukuta, hakuna jirani.

"Pasipoti haitaki kujua unatoka wapi," aliniambia nilipoanza kumsaidia pale studio, baada ya kumaliza chuo kikuu na kukaa nikingoja kazi. "Inataka kujua tu kwamba ni wewe."

Siku ya mazishi anakuwa mtu mwingine. Kwetu, kabla ya jeneza kushushwa, msimamizi huita watu kwa makundi waje wapigwe picha na marehemu: watoto, wajukuu, wakwe, akina mama wa kanisa, waliosoma naye. Hapo mjomba harudi nyuma hatua mbili tu. Anarudi mpaka uani, mpaka kwenye ndizi, na nimewahi kumwona amepanda juu ya lori la kubeba viti. Habonyezi mpaka nyumba yote iingie, paa na mlango, na upande ule kaburi lilipochimbwa, kwa sababu mwanamume huzikwa upande wake na mwanamke upande wake, na picha lazima iseme ni nani amelala wapi katika boma la nani. Mtu akikatwa pembeni, hata kama ni bega tu, hilo litazungumzwa miaka mingi. Na asiyeonekana kabisa, ataulizwa alikuwa wapi.

"Mtu hazikwi hewani," mjomba husema.

Kwa hiyo nilimjua kama mtu wa umbali wa aina mbili, karibu sana na mbali sana. Ndege walimkuta hivyo.

Yote yalianza na lenzi. Aliinunua kuukuu mjini Kisii, ndefu kama mkono wa mtoto, akikusudia kupiga harusi akiwa nyuma ya kanisa bila kufukuzwa na mchungaji. Alipokuwa akiijaribu uani, ndege mmoja mdogo aitwaye chozi, mwenye shingo inayong'aa kama mafuta juu ya maji, akaja kunyonya ua la mgomba. Mjomba akampiga. Akaingia ndani mbio, akaweka picha kwenye kompyuta.

Kisha akafanya anachokijua. Akamkata chozi yule kifuani, akamweka katikati, akaona majani yaliyokuwa nyuma ni uchafu, akayafuta yote na kuweka weupe. Akachapisha nne katika karatasi moja.

Sisi ni Waadventista, na Sabato ni Jumamosi. Jumapili ofisi zimefungwa na hakuna anayetaka picha ya kitambulisho, hivyo Jumapili ikawa siku ya ndege. Haikupita miezi mingi kabla ukuta wa studio kujaa: mnana, pasa, kwarara, kozi, kila mmoja uso tu, juu ya weupe, kama watu waliopanga foleni ya kuomba kusafiri.

Soko halikumwacha salama. Drusilla, mama anayeuza ndizi mkabala na mlango wetu, alikuja na sufuria yake ya chai akakagua ukuta mzima.

"Pasipoti, huyu mwenye mdomo mrefu anaenda Saudia au Qatar?"

"Bado hajaamua."

"Na wewe si husema masikio yaonekane? Huyu masikio yake yako wapi?"

Mjomba akaitazama picha kwa makini, bila kucheka. "Ndiyo sababu ombi lake lilikataliwa."

Drusilla alicheka mpaka chai ikamwagika.

Nyumbani kwetu ni Nyansiongo, upande wa Borabu, ambako babu alipata shamba baada ya wazungu kuondoka. Mama yangu, Esnah, ni dada wa mjomba, na ndiye anayelima shamba hilo sasa. Juu kuna chai, katikati mahindi na malisho ya ng'ombe, na chini kabisa kuna kinamasi ambacho hakuna aliyewahi kukilima. Kila boma linaloteremka mpaka pale lina kipande chake: sisi, Mzee Anyona, na majirani wengine wawili. Pembeni kuna chemchemi tunakoteka maji sote.

Mama alimpigia simu kaka yake siku moja, kabla ya msimu wa mvua kuanza. "Mathew, wale ndege wako wa kofia wamekuja chini. Wanacheza kama watu waliooana jana."

Jumapili iliyofuata tulishuka mimi na mjomba, mimi nikiwa nimebeba stendi ya kamera. Ukungu ulikuwa bado umelala juu ya matete, mweupe na mzito, na baridi ya Borabu iliingia mpaka ndani ya viatu. Tulisikia kabla ya kuona. Ilikuwa sauti kama ya tarumbeta inayopigwa na mtu aliye ndani ya mtungi, kisha nyingine ikaijibu.

Ukungu ukapanda kidogo, nao wakawa pale. Korongo wawili wenye taji. Nilikuwa nimewaona tangu utotoni, wakipita juu kwa juu, miguu imenyooka nyuma, nami nikirudi kwenye kitabu changu. Sikuwahi kuwaona chini wakiwa hawajui kwamba naangalia. Mmoja aliinamisha kichwa mpaka taji likagusa nyasi. Mwenzake akainama vilevile. Kisha wa kwanza akafungua mabawa, na weupe uliokuwa umefichwa ndani yake ukatokea wote kwa mara moja, akaruka juu bila kupiga bawa, kama vile ardhi ndiyo iliyomsukuma. Alipotua, akaokota kipande cha nyasi, akakirusha angani. Mwenzake akaruka. Jua lilikuwa limeanza kupenya, na kila taji lilikuwa limewaka, nywele kwa nywele, rangi ya dhahabu.

"Mjomba," nikanong'ona, "kamera."

Hakunisikia. Mikono yake ilikuwa imening'inia pembeni kama ya mtu aliyesimama kanisani.

Alipokumbuka, walikuwa wamemaliza na mmoja alikuwa anatembea kando ya maji, akija upande wetu. Mjomba alimpiga kama anavyopiga mtu wa kigodani, uso tu.

Jumatatu, kazi ilipopungua, alianza kumkata. Alikata miguu, akakata mabawa, akakata shingo, akazidi kusogea mpaka likabaki shavu jeupe, ule wekundu mdogo juu yake, na jicho. Nilikuwa naandika barua ya mteja kwenye kompyuta ya pili.

"Lavender, njoo."

Jicho lilikuwa limejaa skrini, rangi ya maji ya asubuhi, na katikati yake mboni nyeusi. Ndani ya mboni kulikuwa na kitu. Mjomba akasogeza tena. Kulikuwa na anga. Chini ya anga kulikuwa na mstari mweusi, mikaratusi ya Mzee Anyona, na chini ya mstari mwanga wa maji. Na chini kabisa, vinukta viwili vimesimama bega kwa bega. Hivyo vilikuwa sisi.

Nyuma yetu mteja wangu akaanza kukohoa.

"Nimemkatia kila kitu," alisema mwishowe, "naye amekibeba."

Tangu siku hiyo hakufuta tena nyuma ya ndege. Alijaribu kuketi chini kuwafanyia kazi kama zamani, akachukua kile kifutio cha kompyuta, kisha akakiacha. Alikuwa mtu aliyepoteza mazoea yake na bado hajapata mengine.

Halafu mama akapiga simu tena: mmoja wa korongo hainuki. Amelala katikati ya matete, na mwenzake anasimama karibu.

Tulipofika, nilidhani mjomba atashuka, maana lenzi ile ingefika. Badala yake akapanda. Alipita zizi, akapita mahindi, akaingia katika chai, akaendelea kurudi nyuma vilevile kama anavyorudi siku ya mazishi, mpaka akafika kwenye mpaka wa juu wa shamba. Hapo akageuka. Nikaona anasogea kidogo kushoto, anaangalia, anasogea tena, akitafuta kitu. Alipokipata, akabonyeza mara moja tu.

Aliichapisha picha ile kwa upana wa ukuta. Aliwateremsha waombaji wote, chozi na pasa na kozi, akaitundika peke yake. Chai ilikuwa mbele, kijani kibichi kilichotandazwa kama blanketi. Halafu mahindi, ng'ombe wetu na wa jirani, paa la nyumba ya mama na tangi la maji la rangi nyeusi. Halafu kinamasi, na ukungu ukiwa umekatika katikati yake kama pazia. Na pale pazia lilipofunguka, kitu kidogo kuliko ukucha: ndege amelala, na taji lake limeshika jua. Ukiangalia kwa haraka hungemwona. Ukishamwona, hungeweza kuona kingine, na bado vingine vyote vilikuwa vimemzunguka kana kwamba vimewekwa hapo kwa ajili yake.

"Hii ndiyo picha ya boma lao," mjomba alisema.

Watu wakaanza kuja bila shida ya picha. Drusilla alikuwa akiacha ndizi zake kwa jirani, anaingia na chai, anakaa kwenye kigoda cha wateja, haongei. Mtu kama Drusilla akinyamaza, unajua kuna jambo.

Walter alikuja siku ya soko. Ni mtoto wa Mzee Anyona, jirani yetu, anaendesha bodaboda Nyansiongo, na alikuwa anataka picha ya leseni. Mjomba akamkalisha.

"Kidevu chini. Usicheke."

"Sicheki, mjomba. Naangalia kwetu."

Taa ilipowaka akainuka, akaenda ukutani. "Si hili ni tangi la Mama Lavender? Na yule ng'ombe mweusi ni wetu. Mmeuleta mteremko wote hapa Keumbu."

Mjomba alikuwa na furaha, na furaha ilimfanya awe mtoto. "Na huyu umemwona?" Kidole chake kikaenda moja kwa moja.

Walter akainama. "Amelala?"

"Anaatamia. Tangu tangi, shuka na ule mfereji mpaka chemchemi, halafu angalia moja kwa moja kwenye matete marefu."

"Mayai mangapi?"

"Sijakaribia. Sitaki kuwasumbua."

Walter akatoa simu, akaipiga picha ile picha. "Unajua kuna jamaa anafungua hoteli," alisema, akiitazama simu. "Anataka hawa watembee kwenye nyasi pale mbele, wageni wakija wakute. Ameniambia nikipata wakiwa wadogo nimletee, hatanisahau. Nilikuwa sijui pa kuanzia."

"Walter, hao si kuku."

"Ndiyo maana anawataka, mjomba. Kuku anao."

Hakusema kwa ubaya. Akachukua kofia yake ya pikipiki, akasema atarudi kuchukua picha za leseni, akatoka. Mjomba alibaki amesimama, kidole bado kimenyooshwa kwenye matete.

Nilimwambia, kwa sauti ya chini kama nilivyozoea, kwamba kukamata korongo ni kosa kisheria na kuna watu wa wanyamapori tunaoweza kuwaambia.

"Tuwaambie nini? Kwamba mtoto wa Anyona ameangalia picha? Mimi ndiye niliyemwonyesha njia." Akaketi kwenye kigoda. "Tangi. Nilisogea makusudi ili tangi liingie, Lavender. Mikono yangu imezoea matanga. Nilitaka mtu yeyote akiona ajue ni kwa nani."

Jioni hiyo hiyo akaiteremsha picha pana. Mahali pake akaweka lile jicho, limekatwa karibu kabisa, ambalo hakuna mtu duniani angeweza kusema liko Nyansiongo au liko wapi.

Drusilla aliingia kesho yake na chai, akasimama mlangoni.

"Ile yenye maji iko wapi?"

"Nimeitoa."

"Hili jicho ni zuri," alisema baada ya kulitazama. "Lakini hili linaniangalia mimi. Ile nilikuwa naingia ndani yake napumzika." Hakukaa. Alirudi na chai yake kwenye ndizi.

Mjomba alifunga studio katikati ya juma, jambo ambalo hafanyi. Tulipofika Nyansiongo tulimkuta mama akichambua maharagwe mlangoni. Alisikiliza yote bila kusimamisha mikono.

"Hata ukiitoa, Mathew, hilo tangi halifichiki. Na Walter amekula kwangu tangu akitambaa. Nikimfukuza na fimbo leo, atakuja siku nimeenda kupeleka majani ya chai kituoni. Wale watoto wa ndege watakaa chini muda mrefu kabla ya kuruka. Utalala kwenye matete?"

"Ningeweza."

"Na pasipoti za watu?"

Mjomba akageuka kuangalia kinamasi. Kule chini korongo aliyesimama aliita, na yule aliyelala akamjibu bila kuinuka. Nilimwona mjomba akisikiliza mpaka sauti ikaisha.

"Esnah, matangani, mtu asiyekuwa kwenye picha, mnamfanyaje?"

"Anaulizwa alikuwa wapi."

"Na aliyekuwa ndani?"

"Aliyekuwa ndani ni wa hapo. Nani atamuuliza?"

Mjomba akatikisa kichwa polepole. "Nilidhani nimepiga kwa upana. Nilipiga boma bila wenyewe."

Nilitumwa mimi kwenda nyumba kwa nyumba, na hiyo haikuwa kazi rahisi kwangu. Ujumbe ulikuwa mfupi: Jumapili alasiri, Wakatoliki wakishatoka misa, wote ambao shamba lao linagusa maji waje pale chemchemini, Pasipoti atawapiga picha. Kila mlango niliobisha uliniuliza swali moja.

"Nani amekufa?"

Hata siku yenyewe, Mzee Anyona alishuka akiwa amevaa koti lake jeusi na kofia, uso ameshautayarisha kwa msiba. Alimpa mama mkono kwa huzuni. "Poleni sana. Ni nani?"

"Hakuna aliyekufa, mzee," mjomba alimjibu kutoka mteremkoni, alikokuwa ameweka stendi. "Safari hii tunapiga kabla."

Mzee Anyona aliyafikiria maneno hayo. "Kabla ya nini?"

"Kabla ya kufa. Simama hapo katikati, wewe ndiye mkubwa."

Wakaanza kupangwa. Walikuwa wamevaa nguo za misa na za Sabato, watoto wamepakwa mafuta mpaka magotini. Walisimama upande mkavu wa chemchemi, migongo yao ikielekea kinamasi, na kiota kikiwa mbali nyuma yao, ng'ambo ya maji, ili ndege wasishtuke. Mjomba aliwaita kama anavyoita matangani, boma kwa boma. Wenye watoto wakae chini. Mama Lavender, toa hicho kitambaa usoni. Wewe, ondoa simu.

Ndipo tukasikia pikipiki. Walter alitokea kando ya mfereji, na nyuma ya kiti alikuwa amefunga katoni. Lilikuwa limetobolewa matundu pande zote. Aliwakuta majirani wake wote wamepangwa kwa mistari, wakimwangalia. Akazima injini.

"Nani amekufa?" akauliza.

Walicheka wote, hata mama. Walter naye akacheka, ila macho yake yalikuwa yanatafuta njia ya kugeuzia pikipiki.

"Wewe ni mrefu," mjomba akamwambia, kwa sauti ile ile aliyowaambia wengine. "Simama nyuma, karibu na baba yako."

"Hilo katoni ni la nini?" Mzee Anyona aliuliza.

"La vifaranga, tata."

"Vifaranga vya nani?"

Hakuna aliyecheka sasa. Maji ya chemchemi yalisikika. Ilikuwa rahisi kwa Walter kuondoka, barabara ilikuwa wazi. Lakini kuondoka kwenye picha ambamo boma zima limesimama, mbele ya baba yake, mchana, ni jambo ambalo sijawahi kuona mtu wa kwetu akilifanya.

"Liache kwenye pikipiki, Walter," mama akasema. "Picha haina nafasi ya katoni."

Akaliacha. Akaja, akasimama nyuma ya baba yake, mikono mbele.

Mjomba akainama kwenye kamera. "Haya. Videvu chini kidogo. Masikio yaone..."

Hakumaliza. Aliinua kichwa, akaangalia kwa macho yake mwenyewe, akainama tena. Kisha akanishika kiwiko, akanivuta nichungulie.

Juu ya vichwa vya watu, mbali, korongo alikuwa amesimama kwenye kiota. Mwenzake alikuwa anakuja, akipiga hatua ndefu, anainua mguu na kuuweka kama mtu anayepita katikati ya waliolala. Na chini ya tumbo la yule aliyesimama palikuwa na kitu cha rangi ya udongo mkavu, kama fundo la pamba. Kikatikisika. Kikaanguka kutoka ukingoni mwa kiota, kikapotea kwenye nyasi, kikatokea, kinatembea. Nyuma yake kikaja cha pili.

"Piga basi, Pasipoti," mtu akasema. "Jua linatuchoma."

Mjomba, ambaye maisha yake yote amewaomba watu wamwangalie yeye, akasema kwa upole, "Geukeni. Polepole. Msiseme kitu."

Wakageuka.

Sijui nielezeje kimya kile. Watoto wadogo walikuwemo, na mbwa alikuwemo, na hakuna aliyetoa sauti. Korongo wawili waliinamisha vichwa pamoja kuelekea chini, wakitazama kitu ambacho kilikuwa hakijafika hata kwenye magoti yao. Mmoja akafungua bawa moja, polepole, weupe wote ukatoka, akaliweka juu ya wale wadogo kama kivuli, nao wakatembea ndani ya kivuli hicho mpaka kwenye matete. Jua lilikuwa nyuma yao. Mataji yalikuwa mawili, na maji chini yao yakafanya mengine mawili. Nilifikiri jinsi kitu hiki kilivyokuwa kikitendeka hapa kila mwaka, chini ya nyumba niliyozaliwa, huku mimi nikiwa juu nimeinamia kitabu.

Mzee Anyona akavua kofia. Nilisikia kamera ikibonyezwa, mara moja.

Waliporudi kuongea, waliongea kwa kunong'ona kama watu waliotoka maombini. Walter alikuwa wa mwisho kugeuka. Alienda kwenye pikipiki, akakaa muda akishughulika na kamba, nami niliona mjomba akimwangalia. Kisha akaja na katoni mkononi.

"Mama Lavender," alisema, "si ulikuwa na kuku anayeatamia?"

"Ninaye."

"Basi hili litamfaa. Lina hewa."

Mama alilipokea kama anavyopokea zawadi, kwa mikono miwili.

Sasa ukutani pale studio kuna picha mbili. Kushoto kuna jicho. Kulia kuna picha ya Nyansiongo, na ndani yake kuna kila kitu: tangi limo pembeni, ng'ombe weusi wamo, na ndege wamo, wadogo sana, wanapita kati ya bega la mama na kofia iliyo mkononi mwa Mzee Anyona. Mjomba hakukata ukingo hata mmoja. Kifaranga mmoja hatukumwona tena baada ya usiku mmoja wa mvua kubwa, labda nyoka, labda baridi. Mwingine alikua, na wakati wa kuvuna mahindi alikuwa anatembea shambani na wazazi wake, taji lake likiwa bado fupi kama nywele za mtu aliyenyolewa juzi. Majirani walimpigia mama simu kila walipomwona, kumwambia yuko kwao leo.

Drusilla amerudi kwenye kigoda. Akija mteja humwinua kwa nguvu.

Walter alichelewa kuja kuchukua picha zake za leseni. Alipokuja, alizitia mfukoni bila kuziangalia, akaenda moja kwa moja ukutani. Alitafuta, akapata mgongo mrefu kuliko mingine.

"Mjomba, mimi ndiye huyu. Mbona sura yangu haionekani?"

Mjomba alikuwa anamnyooshea mteja kola. Hakugeuka.

"Masikio yanaonekana," alisema.

Walter akashika sikio lake, akasogea karibu na picha, akaangalia tena.